Mwalimu Anayewahesabu Waliofukuzwa

Saa kumi na mbili kasorobo asubuhi, Mukalay Kisimba anaandika hesabu za sehemu ubaoni kwa kipande cha muhogo mkavu. Chaki za shule hii ya msingi ya Manika, mjini Kolwezi, kusini mwa Zaire, ziliisha tangu Februari. "Muhogo yenye kuandika muzuri, hatuipike," anatania mwalimu huyu wa darasa la tano, na watoto tisa waliokwisha kufika wanacheka.

Masomo rasmi huanza saa moja na nusu. Haya ya alfajiri ni yake mwenyewe, na hayana malipo. Hata yale rasmi, tukisema kweli, hayana: Mukalay, mwenye umri wa miaka arobaini na mmoja na watoto watano, hajaona mshahara kwa miezi saba. Familia inakula kutoka shamba la mahindi analolima na mkewe kando ya njia ya Mutshatsha.

Darasani mna madawati ya kukalisha watoto hamsini na wanne. Tangu Machi mwaka huu wa 1993, wamebaki ishirini na watatu.

Wasiokuwepo ni watoto wa familia zenye asili ya Kasai, eneo lililo mbali kaskazini. Babu zao waliletwa huku kuchimba shaba. Wao wenyewe wamezaliwa hapa hapa, na Kasai wanaijua kwa masimulizi tu. Vijana wanaojiita wenyeji halisi walipita nyumba kwa nyumba wakiwaambia warudi "kwao". Sasa maelfu wanalala kwenye kituo cha reli, chini ya mashuka na vipande vya mabati, wakisubiri treni isiyo na ratiba.

Hayo yalitokea siku chache baada ya mtihani wa muhula wa pili. Karatasi zote hamsini na nne zilikuwa nyumbani kwa Mukalay, zimeshasahihishwa. Hapo ndipo mtihani wake yeye ulipoanza.

Mwisho wa muhula, shule za hapa hufanya proklamasio: wazazi hukusanyika, mwalimu huita majina kwa kufuata nafasi, na anayeitwa husimama akapigiwa makofi. Mkuu mpya wa shule aliagiza wahesabiwe waliobaki tu. Asiyekuwepo na lake halipo, alisema.

Kwa hesabu hiyo, Joyeuse, binti wa miaka kumi na mmoja aliyepata asilimia 58, alikuwa wa kwanza. Kwa hesabu ya karatasi, alikuwa wa kumi na mbili. Kumi na mmoja waliomshinda walikuwa wamefukuzwa wote. Baba yake, Tata Numbi, fundi wa mitambo mgodini, alikwisha kununua kuku wa sherehe.

"Nilikuwa na woga, siwezi kuficha," anasema Mukalay. "Bibi yangu, mama ya batoto bangu, aliniambia, we, soma majina ya bale beko hapa tu. Lakini ku mtihani ya kumaliza darasa la sita, huyu mutoto atapambana na batoto ba inchi yote. Ile mtihani haijue nani alifukuzwa."

Siku yenyewe alisimama mbele ya wazazi, akasoma: "Wa kwanza kati ya hamsini na wanne: Ngeleka Abigaëlle, asilimia themanini na sita."

Hakusimama mtu. Mukalay alisubiri muda ule ule ambao makofi yangechukua, kisha akaita wa pili. Alipofika jina la tano, mama mmoja alianza kulia. Alipofika la tisa, mkuu wa shule alikuwa ametoka nje.

"Wa kumi na mbili: Joyeuse."

Tata Numbi akaruka kutoka kwenye benchi. "Mwalimu, bale balisha kuenda! Mutoto yangu njo ya kwanza hapa! Ama uko mutu yabo?"

Kabla mwalimu hajajibu, Joyeuse alikuwa amesimama. "Tata, mi niko ya kumi na mbili. Bale kumi na moja balinishinda kabla ya kuenda."

Ukweli huuma maradufu ukitoka kinywani mwa mwana uliyemzaa. Tata Numbi alivaa kofia yake, akaondoka bila kuaga.

Kesho yake Mukalay alibeba kadi za matokeo thelathini na moja hadi kituoni, zikiwa na sahihi yake lakini bila mhuri, maana mkuu alikataa kuugonga. Alizipata familia kumi na tisa. Nyingine treni ilikwisha kuzichukua. Mama Kanku, mama yake Abigaëlle, aliifunga kadi ya bintiye katika pindo la kitenge. "Kule tunaenda hakuna mutu anatujua," alimwambia. "Ii kadi njo itasema mutoto yangu ni nani."

Kadi kumi na mbili amebaki nazo.

Mkuu alimwandikia barua ya onyo: akirudia, mwakani hatapewa darasa. Baadhi ya majirani wakapunguza salamu. Tata Numbi alimnunia wiki tatu nzima.

Kisha Jumatatu moja, kabla jua halijachomoza, akamleta Joyeuse mwenyewe hadi mlangoni kwa mwalimu. Hakuomba radhi. "Ulimuweka ya kumi na mbili," alisema. "Basi umufundishe."

Ndivyo masomo haya ya alfajiri yalivyoanza, na mtoto mmoja. Wengine wakafuata. Katika jaribio la wiki iliyopita, Joyeuse alipata asilimia 71. Mkuu angependa maswali yalegezwe, ili shule ionekane inafaulu. Mukalay amekataa hilo pia.

"Mwezi wa sita nitaita majina tena, kama banaacha niite," anasema, macho yakiwa kwa watoto walioinamia daftari zao. "Nataka mutoto mumoja hapa apite ile pointi ya Abigaëlle. Siku nitamuita ya kwanza, mi mwenyewe nisione haya."