Mlamula Kando ya Jiko

Babu yangu alinichapa mara moja tu maishani, kule Murusagamba, na ni kwa ajili ya fimbo. Nilikuwa nachunga mbuzi, fimbo ikanivunjikia, nikakata nyingine kwenye mti mwembamba wenye majani marefu uliosimama kati ya migomba yetu na ya jirani. Kumbe ni mti wa mpaka. Huku Biharamulo wanauita mlamula. Babu alinichapa kwa fimbo ile ile, akaitupa matopeni. Mvua zilipokwisha, fimbo ilikuwa imeota. Shule niliiacha darasa la pili, mengi siyajui, ila hilo nalijua: mti ule haufi kwa kukatwa.

Biharamulo nilihamia kijana, nikapata shamba nje kidogo ya mji, mahali ambapo ukisimama unaliona boma la Mjerumani. Jirani yangu alikuwa Msubi mmoja mpole. Nilimwita kaka, na rubisi, pombe ya ndizi, tulikunywa kibuyu kimoja. Alipofariki nilimchimbia kaburi asubuhi. Mchana, watu wote wakiwa matangani, nikachukua jembe lile lile nikang'oa milamula ya mpakani kwetu, nikaipanda ndani ya shamba lake, hatua kumi na mbili. Niseme shetani? Hapana, ni mimi. Migomba yake ilikuwa inazaa kuliko yangu.

Miaka ikapita. Mwanangu wa pekee akapata kazi mgodini, akaja kujenga. Nyumba ya kisasa hasa: bati la rangi, vigae sakafuni, madirisha ya aluminiamu, jiko la ndani lenye sinki, na choo cha kukaa ambacho mke wangu alikiogopa mpaka anakufa. Jiko liliangukia kwenye ardhi ile. Siku ya kumwaga zege la msingi nilikuwepo. Nilikunywa soda nikiangalia.

Baadaye, chini ya ukuta wa jiko, kwenye ufa wa saruji, likachipuka jani refu. Mwanangu akalikata. Likachipuka tena.

"Baba, hili gugu gani?"

Nikasema silijui.

Mwaka huu kazi ya mgodini ikaisha. Mwanangu akasema bora nyumba iuzwe, akaanze upya Mwanza na watoto wake, mimi nihamie kwao. Mnunuzi akapatikana, mfanyabiashara wa mjini, mtu wa utani.

"Shikamoo mzee. Migomba hii unaniachia, au unahama nayo kichwani?"

"Marahaba. Nakuachia, ila mkungu wa kwanza wangu."

Kwetu shamba haliuzwi mpaka mwenyewe atembee mpakani mbele ya majirani, aguse kila mti, na jirani aitikie. Mwenyekiti wa kitongoji alikuja na daftari. Mwanangu alitufuata nyuma, funguo mkononi, anapiga mluzi. Sikuwa nimemsikia akipiga mluzi tangu mama yake afe.

Upande wa kwanza, safi. Upande wa pili alikuwa amesimama mjane wa jirani yangu, kitenge kiunoni, karibu na mlamula niliouhamisha.

"Ni huu?" mwenyekiti akamuuliza.

"Aseme shemeji," akajibu. "Mimi siku ile nilikuwa ndani, nalia."

Hakupaza sauti. Ningegusa tu, naamini angeitikia. Mkono wangu ulikuwa umeshanyooka. Nikaurudisha, nikatembea hadi ukuta wa jiko, nikainama nikalishika lile chipukizi.

"Mzee, huko ni jikoni!" mnunuzi akacheka.

"Jiko ni la shemeji," nikasema. "Mpaka ulikuwa hapa, niliuhamisha mimi."

Mwenyekiti akafunga daftari. Mnunuzi hakucheka tena.

"Nyumba ni nzuri, mzee wangu. Lakini nilikuja kununua nyumba, sikuja kununua kesi." Akawasha pikipiki yake.

Mjane alikuwa ameketi kwenye majani makavu ya mgomba, haniangalii. Mwanangu ndiye aliyeniangalia.

"Baba, si ungeniambia kabla sijamwaga zege?"

Nikajikuta napangusa udongo vidoleni. Akaweka funguo dirishani, akashika njia ya mjini kwa miguu, begi lake likabaki sebuleni. Nilidhani anakwenda kupoza hasira. Hakugeuka nyuma, na hakurudi tena.