Tundu Upande wa Taa

Ninaogopa kukata kitu kisichoweza kuunganishwa tena. Friji ukiikosea, unaifungua na kuanza upya. Paa la gari ukilitoboa pasipo pake, limetoboka. Nilikuwa nimefunga viyoyozi vya ukutani hapa Muleba ninakoishi na Bukoba mjini, lakini cha juu ya gari sikuwahi hata kukigusa. Nilijifunza kwa video za simu. Niliirudia moja hadi nikajua fundi wake anakohoa wapi.

Gari lilikuwa la mwalimu aliyenifundisha darasa la nne, sasa mstaafu, anaishi Kashozi. Alilinunua kwa mgeni aliyekuwa anarudi kwao: basi dogo lenye kitanda, kabati na jiko la gesi, na kiyoyozi kikiwa bado ndani ya boksi. Mume wake alikuwa amevunjika nyonga. Kukaa hawezi, analala tu. Safari ya kwanza ya kumpeleka hospitali Dodoma walimlaza kwenye gari la kukodi, na joto la Shinyanga likamfanya azimie hadi wakageuza. Sasa daktari alikuwa amempa siku nyingine, na walipaswa kuondoka kesho yake asubuhi.

Nilipima kuanzia asubuhi hadi majirani wakarudi kutoka kuchuma kahawa. Fundi wa video anatoboa pembe nne kutoka ndani kwenda juu, kisha anapanda juu ya paa na kukata akifuata matundu hayo. Mimi nilitazama ile dari safi, nikaona nitaikwaruza. Nikajifanya mjanja. Nilimwomba Mwalimu karatasi ngumu, akanipa kalenda ya parokia ya mwaka uliopita. Nikalala chali kitandani, nikaibandika darini picha ikiwa juu, nikachora kwenye ule upande mweupe ulionitazama: mraba wa sentimita thelathini na sita, uliosogezwa kulia ili kukwepa waya za taa zilizopita kushoto. Nikatoboa pembe kwa msumari ili alama zionekane pande zote mbili.

Juu ya paa karatasi ilitakiwa ilale vilevile, picha ikitazama mbinguni. Lakini picha ilikuwa ya Bikira Maria, na pembe ya kwanza iliangukia shavuni mwake. Nimelelewa na bibi aliyekataza hata gazeti lenye picha ya padri kufungiwa samaki. Mkono ulikataa. Nikaigeuza kwa heshima zote, uso chini, nikaweka drili na kutoboa.

Mwalimu alikuwa ndani, ameshika beseni la kukinga chenga za chuma.

"Limetokea huku kwenye taa," alisema.

Nilitazama karatasi, nikaelewa papo hapo: nilipoigeuza, kulia kulikuwa kumekuwa kushoto.

"Hilo ni la kupitishia waya, Mwalimu," nikajibu.

Nilikaa juu ya bati nikiwa nimeshika drili, na kutoka ziwani wingu lilikuwa linapanda mlima. Nilipiga hesabu ya mwongo: tundu ni dogo, litafunikwa na kiyoyozi, kwa juu hakuna atakayeliona, kwa ndani ninaweza kuihamishia taa hapo. Halafu nikawaza njia yote ya Singida, mvua ikiingia kidogo kidogo juu ya mtu asiyeweza kujigeuza, na mimi peke yangu nikijua ilipoanzia. Nikashuka ngazi.

Nilimwambia yote, hata lile shavu. Nikasema siwezi kuendelea, atafute fundi mwingine.

"Nilijua," alisema. "Ulipokuwa darasa la nne ulikuwa ukidanganya sauti inapanda hivyohivyo. Waya umeutoboa?"

Tulipanda kitandani tukakagua. Tundu lilipita kando ya waya kwa upana wa kidole. Alinikabidhi drili.

"Sasa toboa kutoka ndani, kama fundi wa kwenye simu. Dari ikikwaruzika ni yangu. Fundi mwingine nitampata wapi leo, Biharamulo?"

Nilitoboa pembe nne kutoka ndani, na chenga zikanimwagikia machoni. Nilipanda juu ya paa, nikakata kwa msumeno wa umeme. Tundu la makosa nililisugua hadi chuma kikang'aa, nikaliwekea kipande cha bati, riveti na silikoni. Majirani wawili wakapandisha kiyoyozi, nikakikalisha kwenye mpira wake, nikakaza bolti nne kwa zamu, kidogo kidogo, nikijikataza kuongeza. Ya mwisho niliikaza manyunyu yakinilowesha mgongo.

Mvua ilipokolea, Mwalimu aliamua kumlaza mumewe humo humo garini, na mimi nikae naye. Jenereta ya gari ikawashwa, hewa ya baridi ikashuka. Mimi sikuwa naitazama hewa. Nilikitazama kile kidoti cheupe cha silikoni kando ya taa, kila baada ya muda nikikigusa kwa kidole, nikikitoa kikiwa kikavu, nisiamini, nikigusa tena.

"Kuna nini hapo?" mzee aliniuliza.

Mkewe hakuwa amemwambia. Ningeweza kusema ni tundu la kupitishia waya.

"Nilitoboa pasipo pake, Tata. Nimeziba."

Alikitazama kidoti, mvua ikipiga bati juu yetu.

"Basi zima hicho kiyoyozi chako," alisema. "Nasikia baridi."