Gesi ya Makande

Mama Asumpta alifika Toronto Septemba 2008 akiwa na begi moja la nguo na kilo sita za maharage ambayo hadi leo sijui aliyapitishaje uwanja wa ndege. Alikuwa na miaka sabini na moja. Mumewe alikuwa amefariki mwaka uliotangulia, nyumba yao ya kijijini Kibosho imebaki kimya, na mwanawe wa pekee, Ombeni, alimwambia aje kwa miezi sita, naye katika muda huo amwombee karatasi za kubaki. Hakuja kutembea, alikuja kuishi. Alinieleza hivyo siku ya kwanza tulipoonana uani, amenishika mkono kana kwamba karatasi hizo ninazo mimi.

Mimi ni jirani yao. Nyumba zetu pale Weston zimeshikana ukuta, mtu akikohoa upande wa pili unampa pole. Natoka Tanga, ni Mwislamu, yeye ni Mkatoliki wa rozari asubuhi na jioni, lakini ugenini ukimwamkia mtu shikamoo na akakuitikia marahaba, huyo ni wako. Tukazoeana.

Ombeni alifanya kazi ya takwimu kwenye kampuni ya bima. Mkewe, Benedicta, alikuwa nesi. Watu wa heshima, kanisani wanakaa benchi la mbele. Mama walimpa chumba cha nyuma, kile kilichoongezwa baada ya nyumba kujengwa. Chini yake hakuna besimenti, yaani chumba cha chini ya ardhi, kuna uwazi mfupi ambao mtu huingia kwa kutambaa. Desemba ilipoingia chumba kile kikawa friji. Mama alilala na koti, soksi jozi mbili na kilemba. Akisema anasikia baridi, Benedicta humjibu, "Utazoea, Mama. Wote tulizoea." Yeye Benedicta alilala ghorofani, ambako unaweza kutembea na kanga moja.

Kisha ikaja bili ya gesi. Matumizi yalikuwa karibu mara mbili ya Desemba ya mwaka uliotangulia.

Kwetu gesi ni mtungi, na mtungi ni wa jiko. Gesi ikiisha upesi unamtafuta aliyepika. Ombeni ana digrii mbili, na bado akili yake ilikwenda jikoni moja kwa moja. Alijua kabisa kwamba gesi hiyohiyo ndiyo inayowasha tanuri la besimenti, lile linalopuliza hewa ya moto nyumba nzima. Alijua, ila hakufikiri. Nani ameongezeka mwaka huu? Mama. Na Mama hufanya nini? Kila Jumamosi anachemsha makande, mahindi na maharage, kwa saa tatu, pengine nne.

Jumamosi moja nilimwona Ombeni amechuchumaa nje mbele ya mita, kalamu mkononi. Jioni akarudi tena. Akalinganisha tarakimu na za Jumatano, akapata ushahidi wake. Lakini Jumatano mchana Mama hukaa peke yake na joto wanamshushia, Jumamosi wote wamo ndani na tanuri halipumziki. Mtu wa takwimu huyo! Mimi niliyeishia kidato cha nne ningeliuliza hilo.

Hukumu ilitolewa mezani, mbele ya mjukuu. "Mama, kuanzia leo maharage tutakula ya kopo," alisema Benedicta. Mama akajibu, "Sawa, mwanangu." Wiki iliyofuata wakamkatia na maji ya moto, akawa anaoga mara mbili kwa wiki, kwa ndoo. Mjukuu mwenyewe, Wema, mtoto wa miaka tisa, akapewa kazi ya ulinzi. Bibi akigusa jiko, mtoto anapiga kelele kwa Kiingereza kumwita mama yake. Hata maji ya chai. Mama Asumpta akaanza kuja kwangu kunywa chai, anaingia kwa mlango wa nyuma.

Januari gesi ikapanda zaidi. Mama akawaambia kwamba chini ya kitanda chake kuna kitu kinavuma, kama mtu anayepuliza moto. Benedicta alicheka, akaenda kuwasimulia wenzake kanisani kwamba mama mkwe ameanza kusikia sauti. Nilisikia habari hiyo kutoka kwa mwanamke wa Bukoba ambaye hata hakumjua Mama.

Siku moja Mama alinipeleka nje kunionyesha. Theluji ilikuwa magotini kila mahali, lakini pale kwenye ukuta wa chumba chake palikuwa na udongo mtupu, umelowa, na nyasi mbichi. Paka wa jirani amelala hapo anakoroma. "Suhaila," akaniambia, "ardhi hii inaota moto kuliko mimi."

Nikaenda kwa Ombeni. Akatabasamu kile kitabasamu cha kumwelimisha mtu. "Dada Suhaila, hiyo ni normal. Nyumba zote hapa zinaleak joto." Nikarudi kwangu. Nikajiambia mambo ya mtu na mamaye hayanihusu. Sijajisamehe.

Mwishoni mwa Januari Ombeni akamwambia mamaye kwamba karatasi za kubaki hataziomba. Miezi michache tu imekuwa hivi, je, miaka? Wakambadilishia tiketi, hata miezi sita haikutimia. Mama hakulia mbele yao. Alilia kwangu, si kwa baridi wala kwa makande, alilia kwa sababu aliamini. Aliamini kweli kwamba alikuwa amekula fedha zao.

Februari ikapita. Makande hayapo, Mama hayupo, gesi ileile. Hapo ndipo Ombeni alipokumbuka kwamba duniani kuna mafundi. Akamwita mmoja, akaniachia ufunguo nimfungulie, jina lake Dilawar, mtu mpole mwenye mvi. Alitambaa chini ya chumba cha nyuma, na hazikupita dakika kumi akatoka anatiririka jasho. Bomba kubwa la bati linalopeleka hewa ya moto kwenye chumba kile lilikuwa limechomoka kwenye kiungo chake. Majira yote ya baridi tanuri lilikuwa likipasha udongo na paka, likiwaka bila kukoma kwa sababu nyumba haitosheki. Akafunga skrubu nne, akazungushia utepe wa bati. Kazi ya nusu saa.

Jioni nikawaeleza wote wawili. Ombeni alikaa kitako kwenye ngazi. Nilidhani atainua simu hapohapo ampigie mamaye. Benedicta akamshika bega, akasema, "Tusimwambie. Akijua atataka kurudi." Ombeni hakuinua simu.

Pasaka wakanialika. Machi matumizi yalikuwa yameshuka nusu, na Ombeni alikuwa na furaha. Akampigia Mama, akaweka sauti ya wazi ili sote tumsalimu.

"Mama, gesi imeshuka nusu!"

"Mungu ashukuriwe," ikajibu sauti kutoka Kibosho. "Nisameheni, wanangu. Sikujua nawaumiza kiasi hicho."

"Yamepita, Mama," akasema Ombeni.

Yamepita! Benedicta aliendelea kupakua pilau. Mimi niliomba udhuru, nikarudi kwangu na njaa yangu, nikampigia Mama nikiwa bado na viatu miguuni. Nikamwambia yote: bomba, fundi, udongo, tarehe.

Akaniuliza jambo moja tu.

"Ombeni anajua?"

"Anajua, Mama. Ndiye aliyemwita fundi."

"Nilipokuwa huko alikuwa hasemi nami," akasema taratibu. "Siku nzima, neno moja. Tangu nirudi ananipigia kila Jumapili, ananiuliza nimekula nini. Sasa wewe unataka nimwone mwanangu ni mwongo. Halafu nibaki na nani, Suhaila?"

Akaniomba, kwa adabu zake zote, nisimpigie tena. Nimepiga mara nne tangu siku ile. Simu inaita mpaka inakatika.