Jina Alilonyang'anywa Dama

Moshi wa maganda ya korosho hauna adabu. Unakuingia puani, unakuwasha macho, unakaa kwenye nguo hata uzifue vipi. Kijijini kwetu Adu, miaka ile ya themanini, msimu wa korosho nyumba nzima ilinuka hivyo, na ndani ya msimu mmoja kama huo nilimfundisha mdogo wangu Dama kuandika jina lake. Dama hakuwa mjinga, hilo lieleweke. Alikuwa hatulii. Ukimtuma maji anarudi na ua, ndoo kaiacha kisimani. Herufi aliyoisoma asubuhi, mchana haijui tena. Alirudia darasa la kwanza mpaka mimi niliyechelewa kuanza nikamkuta humo humo. Watoto walimwita Nzi. "Nzi, tua basi tukuone!" Walimu walimchapa. Akawa anaumwa tumbo kila kukicha.

Mimi nilikuwa mtoto tu, sikujua mbinu yoyote. Ila niliona kwamba mikono yake ikiwa na kazi, kichwa nacho hukaa. Basi tukianika korosho uani, nikawa nampangia D kwa korosho, naye anapanga yake kando. Akichoka tunaacha, tunakwenda kuokota nyingine, tunarudi. Siku nyingi zilikwenda kwa D peke yake, tena akiipanga kinyume, mgongo umeangalia kule. Lakini msimu ulipokaribia kwisha alipanga DAMA yote bila kunitazama, kisha akaiandika kwa mkaa ukutani, mlangoni, hata kwenye mtungi. Mama akafoka, "We Dama, na mimi usoni utaniandika?" Dama akacheka sana. Tumbo likaacha kuuma. Shule ikifunguliwa, alisema, ataandika ubaoni wale wanaomwita Nzi waone.

Kumbe wakubwa nao walikuwa na yao. Shangazi, dada wa baba, alimwota bibi yao marehemu akiulizia jina lake. Baba akaenda kwa mganga, akaambiwa mtoto hatulii kwa sababu koma ya huyo bibi, yaani mzimu wake, inataka mtoto aitwe kwa jina la bibi. Kwetu hilo halikuwa ajabu. Mtoto anayesumbuka hupewa jina la anayemsumbua, apate kupona. Walimwaga tembo la mnazi chini, wakamfunga ushanga mkononi, wakamwita Nyamvula. Shangazi akaonya: akiitikia la zamani, ataugua.

Dama akauliza, "Na lile langu la kuandika?"

"Liache. Limekwisha."

Nikafungua mdomo. Baba akanitazama. Nikaufunga.

Shule ilipofunguliwa, mwalimu wetu, mtu wa bara, alimwita ubaoni. "Andika jina lako." Alishika chaki, akanigeukia. Ningemwambia nini? La zamani lina ugonjwa, jipya halijui. Yeye ambaye hakuwahi kutulia mahali, alisimama pale kama kigogo mpaka mwalimu akasema, "Keti. Kichwa hiki ni cha kuchunga mbuzi." Darasa zima likacheka.

Jioni nikampangia NYAMVULA kwa korosho. Lilikuwa refu mno. Akalipangua kwa mguu. "Nikilijua na hili, mtalichukua," akasema. Hakurudi shule, wala hakuna aliyemlazimisha. Alikuwa kimya, anakaa popote unapomweka, na wakubwa wakasema dawa imefanya kazi.

Leo nina mjukuu wa vile vile, hatulii. Mwalimu wake hamchapi. Humpa kazi fupi fupi, akiweza moja humsifu mbele ya wenziwe, na aliniambia mtoto wa namna hii usimwondolee kile kidogo alichokipata. Nikamwambia najua. Nyamvula ni mama wa watu sasa, na la zamani hakuna anayelitaja, hata mimi. Juzi nilimsindikiza hospitali. Karani alikuwa bado anatafuta kalamu ya kumpa atie sahihi, mwenzangu ameshanyoosha kidole gumba, anasubiri wino.