Ng'ombe Arobaini na Mmoja wa Mzee Kweyu

Mzee Kweyu wa mtaa wa Komarock alitunza stoo ya kiwanda cha rangi kwa miaka thelathini na mmoja, na katika miaka yote hiyo hakuna kopo lililoingia wala kutoka kabla yeye hajalinyanyua. Karatasi hakuziamini. Karatasi huandikwa na mtu, alikuwa akisema, na mtu ana njaa zake. Dereva akileta mzigo na stakabadhi yenye mihuri mitatu, Kweyu aliipokea kwa heshima, akaiweka kando, akanyanyua kopo moja, akafumba macho. "Hili limepungua," angesema. Na mara nyingi lilikuwa limepungua kweli, hata madereva wakaanza kumwogopa kuliko mizani ya barabarani.

Siku aliyostaafu, kiwanda kiliwafanyia wazee wake bahati nasibu. Bawabu alipata jiko la gesi. Fundi wa mitambo alipata pasi. Kweyu akapata gemu ya mkononi, ile ya kubofyabofya kwa vidole gumba, ndani ya kasha lenye picha ya sungura aliyevaa kofia. Alishukuru kwa sauti ya mtu anayetoa pole msibani.

Aliamua kuiuza. Lakini mtunza stoo hauzi kitu ambacho hajakijaribu, kwa hiyo Jumatatu moja mchana, kwa nia safi kabisa, aliiwasha ili ahakikishe tu kwamba inafanya kazi. Huu ni mwaka wa tatu, na bado anahakikisha.

Ndani yake mlikuwa na mchezo wa ukulima. Unaanza na kipande cha ardhi, jembe na ndama mmoja, mengine ni bidii yako. Bidii Kweyu alikuwa nayo. Sasa ana ekari sitini, bwawa, ghala mbili na ng'ombe arobaini na mmoja, kila mmoja na jina lake. Shamba lake la kukanyagwa kwa miguu liko kijijini kwao Malava, ni ekari moja na nusu, na mara ya mwisho jirani alipopiga simu alisema nyasi zimefika kwenye dirisha.

Mkewe Mideva, ambaye hushona sare za shule, aliyajua yote hayo na hakupiga kelele. Alikuwa na njia yake.

"Baba Lorraine, ng'ombe wamekamuliwa?"

"Wamekamuliwa."

"Basi niletee maziwa, chai inachemka."

Hakuna mwingine aliyejua, na ilibidi asijue. Kweyu ndiye mwenyekiti wa kamati ya wakazi wa korti yao, zile nyumba zinazozunguka uwanja mmoja. Mwaka juzi, kijana mmoja aitwaye Jackton alikodi chumba cha pembeni, akaweka skrini nne, na watu wakawa wanalipia kucheza gemu kutwa nzima. Kamati ikaitisha mkutano. Kweyu alisimama, akakohoa, akasema kwamba gemu ni ulevi usio na harufu, na kwamba mtu mzima anayebofya vidude mchana kweupe ameutupa uhai wake. Makofi yalikuwa mengi. Katibu, Bwana Githinji, aliyaandika maneno hayo kwenye kumbukumbu na kuyapigia mstari. Wiki iliyofuata Jackton alifungasha skrini zake kwenye mkokoteni, akapita mbele ya lango la Kweyu na kusema, "Asante, Mwenyekiti." Kweyu alimpungia mkono, akaingia ndani haraka. Alikuwa na mahindi ya kuvuna.

Basi msiba ulianza Jumatatu, kwenye chaja. Chaja ile ilitoka ng'ambo na pini mbili, na soketi za kwetu, kama mjuavyo, zinataka tatu. Kwa miaka mitatu Kweyu alikuwa akifungua tundu la juu kwa kifuniko cha kalamu kisha anasukuma zile pini mbili ndani, kama tunavyofanya sote. Siku hiyo kifuniko kiliyeyuka, soketi ikatoa cheche, na chaja ikanyamaza. Hilo lingevumilika. Lakini Jumanne, alipowasha gemu kwa moto kidogo uliobaki, skrini ikaandika kwamba memori kadi haisomeki.

Aliitoa kadi, akaipuliza, akaifuta kwa shati, akairudisha. Ikasoma. Akaizima na kuiwasha tena, ikakataa, mpaka aibonyeze kwa kidole. Ekari sitini zote, bwawa, ghala na kila ng'ombe, vilikuwa ndani ya kitu kidogo kuliko ukucha, na kitu hicho kilikuwa kinakufa.

Mideva alichungulia kutoka kwenye cherehani yake. "Hiyo ikifa ni Mungu amesema. Mwezi ujao tunaenda Malava, tukafyeke."

Kesho yake asubuhi Kweyu alikuwa mjini, mbele ya mchuuzi mwenye meza ya waya, vichwa vya chaja na memori. Gemu ilikuwa kwenye mfuko wa ndani wa koti lake.

"Umebeba mashine, mzee, tujaribu?"

Kweyu alitazama kushoto, akatazama kulia. Nusu ya Komarock hupita mjini saa nne asubuhi. "Hapana haja," alisema.

Na hivyo mtu ambaye kwa miaka thelathini na mmoja hakupokea hata brashi bila kuipima, alinunua vitu vitatu vya umeme bila kuvijaribu. Tuseme ukweli, hakununua kama kipofu. Aliutegemea mkono wake. Alivinyanyua vichwa vya chaja kimoja kimoja, macho yamefumbwa, akachagua kizito kuliko vyote. Waya alichagua mnene. Kadi haina uzito, kwa hiyo alichukua yenye namba kubwa.

Nyumbani, ule waya mnene ulikubali kupitisha moto ukikunjwa tu kwa pembe fulani na kushikiliwa hivyo. Kichwa cha chaja kikapata joto, halafu kikapata joto zaidi, mpaka Mideva akauliza ni nani amewasha pasi. Kweyu alikipasua kwa kisu cha jikoni. Ndani, pembeni mwa nyaya mbili nyembamba kama nywele, kulikuwa na kipande cha chuma kilichogandishwa kwa gundi, hakina kazi nyingine yoyote ila kuwa kizito. Mtu fulani, mahali fulani duniani, alikuwa ameketi akamfikiria Kweyu.

Kadi mpya ilikuwa na adabu zaidi. Ilipokea shamba lote bila kulalamika, na ilipofunguliwa ikamwonyesha ng'ombe kumi na saba, hakuna mahindi, na lango la shamba limesimama katikati ya bwawa.

Akarudi kwenye kadi ya zamani. Akaibonyeza mara sita ndipo ikasoma. Sasa alianza kuulizia, kwa mbali, kama mtu anayemwulizia mwenzake daktari: ni wapi mtu anaweza kupata memori orijino? Aliuliza kinyozi. Aliuliza mzee wa kanisa. Aliuliza hata fundi wa viatu. Wote watatu walimjibu jibu moja.

"Mowlem. Kwa Jackton. Yule kijana hauzi feki."

Alhamisi asubuhi Kweyu alifika mtaa wa Mowlem, akasimama mbele ya kibanda kilichopakwa rangi ya samawati, chenye benchi nje na kompyuta ndani. Jackton alikuwa amenenepa kidogo.

"Mwenyekiti! Karibu. Umekuja kunifungia biashara tena?"

"Habari, kijana. Nimekuja kununua. Vitu vya mjukuu."

"Lorraine amepata mtoto? Hongera!"

"Si Lorraine. Ni mjukuu wa... upande wa ndugu."

"Poa. Wajukuu ni wajukuu." Jackton alitoa nyaya tatu, akachomeka kila mmoja kwenye kidude chenye namba nyekundu. Mnene ulisoma kidogo kuliko wote. "Usiangalie unene. Wengine wanaweka mpira mwingi nje, ndani hakuna kitu. Angalia unapitisha nini. Mashine ya mjukuu ni aina gani?"

Kweyu aliieleza, rangi yake, mwaka wake na mkwaruzo wa nyuma. Kwa kitu cha mtoto wa ndugu, aliijua vizuri.

"Hiyo inataka kichwa cha wati kumi na nane. Ukiipa cha tano itajaa Krismasi. Chukua hiki, kina pini tatu, uache kuchokoa soketi."

Kweyu alikipima mkononi. "Mbona chepesi?"

"Mzee, unanunua chaja au viazi?"

Mwanamke aliyekuwa akipita na kikapu alicheka. Kweyu alikirudisha mezani polepole, kama mtu anayerudisha cheo.

"Na kadi ni hii," Jackton aliendelea. "Namba ya nje yeyote anaweza kuchapisha. Mimi kila kadi naijaza mpaka juu nione kama inameza kweli. Sasa leta mashine tujaribu."

"Iko nyumbani."

"Basi kaichukue. Hapa kitu hakitoki bila kujaribiwa. Nikikupa hivi hivi, kesho utakuja na kamati nzima."

Ni maneno ambayo Kweyu mwenyewe aliwaambia madereva mara elfu. Akaingiza mkono ndani ya koti, akaitoa gemu. Ilikuwa na joto la kifua chake.

"Kumbe mjukuu alikutuma nayo," alisema Jackton.

"Alinituma nayo."

Jackton aliichomeka kwenye kichwa kipya, akachomoa kadi ya zamani, akaigeuza chini ya taa na kusonya. "Hii imechoka, mzee. Inaweza kusoma mara moja, inaweza isisome. Tuombe." Akaitia kwenye kompyuta, akaibonyeza kwa kidole, na mstari wa kijani ukaanza kutambaa. Kweyu aliutazama kama mtu anayetazama dripu ya mgonjwa wake.

Mstari ulipofika nusu, sauti ikasema nyuma yake, "Bwana Mwenyekiti! Kwa Jackton?"

Alikuwa Githinji, katibu, ameshika simu yenye kioo kilichopasuka.

"Bwana Katibu. Nimeleta kitu cha mjukuu."

"Una mjukuu?"

"Wa upande wa ndugu," Jackton alimsaidia, bila kuinua kichwa.

Mstari ulifika mwisho. Jackton alitia kadi mpya kwenye gemu, akaiwasha, na shamba likachomoza: bwawa mahali pake, lango mahali pake, mahindi yamesimama. Akamsogezea. "Angalia kama vyote viko. Ya zamani nikishaitoa kwenye kompyuta, sidhani itasoma tena. Ukisema iko sawa, naitoa."

Githinji alikuwa amesogea, anachungulia juu ya bega lake.

"Iko sawa," Kweyu alisema, macho yakiwa barabarani.

"Hujaangalia, mzee."

Akatupa jicho moja. Alitaka liwe moja tu. Lakini jicho la mtunza stoo halijui kupita juu ya kitu bila kukihesabu, na kwenye kona ya skrini, penye picha ndogo ya ng'ombe, paliandikwa arobaini.

Jackton alikuwa ameshashika kadi ya zamani, tayari kuichomoa.

Kweyu angeweza kunyamaza. Ng'ombe mmoja katika arobaini na mmoja ni nini? Angelipa, angeondoka na uenyekiti wake mzima, na Githinji angeweka kioo chake na kusahau. Alifungua mdomo kusema asante.

"Wamepungua," alisema.

"Nini kimepungua?"

"Ng'ombe. Hawa ni arobaini. Usitoe hiyo kadi!"

"Labda mjukuu aliuza mmoja," alisema Githinji.

"Hakuna mjukuu, Githinji!" Sauti ilitoka kubwa kuliko alivyokusudia, na mtu wa kuchoma mahindi ng'ambo ya barabara akageuka. "Ng'ombe ni wangu. Aliyekosekana ni Nekesa. Ana doa jeupe shingoni, na ana mimba. Nimemlea tangu ndama. Jackton, tafadhali, soma tena."

Kisha Jackton, ambaye angeweza kusema mengi, alisema tu, "Bwana Katibu, njoo ushike hapa. Bonyeza pembeni, usilegeze. Mimi nahitaji mikono miwili."

Basi katibu wa kamati ya wakazi, aliyeupigia mstari ulevi usio na harufu, alisimama kibandani Mowlem na kidole chake juu ya memori kadi, jasho likimtoka puani, huku mstari wa kijani ukitambaa kwa mara ya pili. Uligota mara mbili. Mara zote mbili Kweyu alisema, "Usilegeze, Githinji," na Githinji akajibu, "Sijalegeza." Ulipofika mwisho, kadi ya zamani ilitoweka kwenye kompyuta na haikuonekana tena.

Jackton akarudisha kadi mpya kwenye gemu, Kweyu akavaa miwani. Alihesabu kwa kidole, mmoja mmoja, bila haraka na bila aibu yoyote iliyobaki. Nekesa alikuwa nyuma ya ghala, anakula.

"Arobaini na mmoja," alisema. "Sasa iko sawa."

Alilipa bila kuomba apunguziwe. Kisha akamgeukia Jackton, akajiweka sawa, kwa sababu alijua kinachokuja na alikuwa tayari kukipokea. "Kuhusu ule mkutano wa mwaka juzi..."

"Aa, Mwenyekiti, wacha nikushukuru," alisema Jackton. "Pale kwenu kodi ilikuwa inanimaliza. Mngechelewa miezi miwili ningefunga mwenyewe na madeni. Hapa naishi vizuri."

Matusi Kweyu alikuwa amejiandaa nayo. Shukrani hakuwa na mahali pa kuiweka.

Alifikiria kuirudisha gemu ndani ya koti, akaona haina maana tena. Kabla ya saa nane korti nzima ingekuwa na habari, na baadhi ya habari hizo zingekuwa na ng'ombe themanini. Zaidi ya hayo, mifugo ilikuwa haijakamuliwa tangu Jumanne. Akaketi kwenye benchi la Jackton, saa tano, mchana kweupe, watu wakipita, akaanza na wa kwanza.

Kioo cha Githinji kilikuwa kimeshabandikwa, lakini yeye alikuwa bado amesimama pale pale.

"Huyo mweusi," aliuliza baadaye, "anatoa lita ngapi?"

"Kumi na nane."

"Uongo."

"Kaa uone."

Githinji akapangusa benchi kwa kiganja, akakaa.