Waya wa Breki kwenye Gitaa la Dada Amoit

Enzi zetu pale Malaba, muziki haukukaa mfukoni. Tuliufuata kwa miguu, vumbi hadi magotini, mpaka kwenye foleni ya malori yaliyosubiri kuvuka kwenda Uganda. Hapo, katikati ya harufu ya dizeli na mahindi ya kuchoma, Dada Amoit aliketi juu ya kreti ya soda. Gitaa pajani, kinanda cha mdomo kimefungwa shingoni, na akogo, ile kalimba ya kwetu Wateso, ikingoja zamu yake miguuni. Vyote alijifunza mwenyewe. Nyimbo pia alitunga mwenyewe: za mihogo iliyogoma kuota, za mke anayemtambua mumewe kwa honi.

"Dada, twende Nairobi ukatoe sahani ya santuri," madereva walimsihi.

"Na wakinikata ubeti ili wimbo utoshe kwenye sahani?"

"Si watakulipa?"

"Wewe ukikatwa mkono mmoja, utaendesha hii lori?"

Mataniboi, wale wasaidizi wa madereva, walicheka mpaka wakashika matairi.

Mimi nilijifunza akogo kwa kumwibia kwa macho. Nilipiga peke yangu nyuma ya ghala la mtama. Nikikosea mara moja, naanza upya huku nalia. Sikuwahi kumpigia mtu.

Jumamosi moja mama yake Dada Amoit alikuja kutoka Chakol. Alikuwa mkulima aliyeamini gitaa ni la walevi, na alitaka kuona kwa macho yake kama hii ni kazi. Katika ubeti wa pili, waya wa gitaa ukakatika. Mama akainuka, akachukua kikapu chake.

Kwetu kila mtu alijua nyuzi za gitaa zinatoka wapi. Baiskeli ya baba yangu, aliyobebea abiria hadi mpakani, ilikuwa imeegemezwa kibandani, naye anakunywa chai. Nikaazima koleo kwa taniboi, nikang'oa waya wa breki. Dada Amoit akachambua uzi mmoja, akaufunga, akaendelea. Mama akaketi tena.

Niungame sasa: nilimwona baba akipakia abiria. Nilipaswa kupiga kelele. Sikupiga, kwa sababu wimbo ulikuwa haujaisha.

Alirudi akichechemea, shati limejaa utomvu wa ndizi alizoangukia mteremkoni.

"Akisa! Breki yangu iko wapi?"

Nikaonyesha gitaa. Baba akamtazama yule mama, aliyekuwa anafuta macho kwa leso.

"Wimbo uliisha?"

"Uliisha, baba."

"Haya."

Mama akasema tu, "Hiyo ni kazi. Mpeni mzee wa baiskeli chai nyingine."

Dada Amoit aliimba hivyo miaka mingi, bila bendi wala kampuni. Madereva walimbeba kwenye kaseti walizorekodi wenyewe hadi Mombasa na Kampala, na hakuna aliyemkata ubeti.

Vijana wa leo huhesabu mashabiki kabla ya kufika kiitikio. Nawacheka, lakini wao angalau humaliza. Mimi nina nyuzi mpya ndani ya paketi, studio ndani ya simu, na wimbo wa Dada Amoit ambao nimeurekodi, nikaufuta na kuuanza upya miaka nenda, miaka rudi. Kila nikitaka kuufuta tena, namsikia baba akiniuliza kama uliisha.

Bado, baba.