Majira Mama Alipotupandisha Kwenye Theluji

Harufu ya dizeli baridi, iliyochanganyika na iliki ya maandazi, ndiyo ilikuwa harufu ya Jumamosi zetu za kipupwe. Kabla jua halijachomoza juu ya vilima vya mtaa wetu wa Observatory, Baba alikuwa tayari barabarani, kainamia injini ya gari letu la kijani, akiisikiliza kama daktari asikilizavyo kifua cha mgonjwa. Ndani, Mama alijaza chupa ya chai ya tangawizi na kunivisha soksi juu ya soksi. Kisha tuliteremka kuungana na wenzetu, Watanzania na Wakongo wachache wenye magari makuukuu yanayovuta kwa magurudumu yote manne. Walijiita chama, ingawa chama chenyewe kilikuwa magari manne na sufuria moja kubwa ya pilau. Kiongozi wao alikuwa Papa Ilunga, fundi cherehani wa Lubumbashi, mtu mnene mwenye kicheko kilichomtangulia kila aendako.

Mwaka ule nilikuwa darasa la tatu, na theluji ilianguka kwa wingi kwenye milima ya mpakani na Lesotho. Lakini nyumbani kwetu palikuwa na ukimya. Mama, aliyezaliwa Tanga na kukua bila kujua baridi, alikuwa ameshindwa mtihani wa udereva mara mbili, na mara zote mbili kosa lilikuwa lile lile: kuliondoa gari lililosimama mlimani. Hapa Afrika Kusini gari likirudi nyuma hata kidogo, mtihani umekwisha. Mara ya pili alirudi nyumbani, akauweka ufunguo mezani, akasema hatagusa usukani tena. Baba alimbembeleza kwa methali, kwamba mvumilivu hula mbivu. Mama akamjibu kwamba yeye na embe zake wamwache apike.

Tulifika chini ya mlima adhuhuri. Sikuwa nimewahi kuona weupe wa namna ile. Nilipokanyaga, theluji ililia chini ya viatu kama muhogo mbichi unaotafunwa. Wanaume walipunguza upepo wa matairi na kufunga minyororo, kisha magari yakaanza kupanda njia nyembamba ya mawe, moja nyuma ya jingine, letu likiwa la pili. Katikati ya mlima magurudumu yakazunguka bure, tukakwama. Baba akashuka kutazama, akateleza, akauangukia mkono wake wa kushoto. Alipoinuka alikuwa ameukumbatia kifuani, na vidole vyake havikuweza kushika gia.

Watu wazima wakakusanyika. Kila dereva alikuwa na gari lake; angeweza kulizuia kwa mawe kwa dakika chache, si kuliacha kwenye mteremko ule aendeshe letu hadi juu, na mawingu yalikuwa yakishuka. Papa Ilunga alituzunguka, akatazama juu, akatazama chini, kisha akaja dirishani kwa Mama. Safari hii hakucheka.

"Mama Zuhura, weye shika usukani. Siye tutasukuma."

"Litarudi nyuma, Papa. Huwa linarudi."

"Likirudi, litatukuta siye. Hatutoki."

 Mama akafunga upya mtandio wake, akahamia kiti cha dereva, akakisogeza mbele mpaka magoti yakagusa usukani. Baba akakaa pembeni yake na mkono wake mbaya, na kwa mara ya kwanza maishani mwake hakutoa ushauri wowote. Mimi nyuma niliisoma Alhamdu kwa sauti, nikakosea, nikaianza upya. Nilimsikia Mama akihema, breki ya mkono ikalia, klachi ikapanda polepole, wanaume wakaguna nyuma yetu kwa Kiswahili cha kila namna. Gari likatetemeka. Halikurudi nyuma. Likashika theluji, likasogea, likapanda, na Mama akawa anajisemea chini kwa chini, "Mwenda pole hajikwai, mwenda pole hajikwai," mpaka mlima ukatuishia.

Kule juu alipiga honi ndefu iliyozunguka mabondeni. Baba alikuwa analia, akisema ni mkono. Papa Ilunga alifika akitweta, theluji hadi kwenye nyusi, akampigia Mama saluti. Tulimimina sharubati ya waridi juu ya theluji safi, tukaila kwa vijiko, na pilau ilipopashwa moto Mama ndiye aliyepakuliwa kwanza. Kuteremka, Baba aliuliza kwa upole kama mmoja wa rafiki zake angeteremsha lake kisha arudi aendeshe letu. Mama akamwambia aketi. Kabla kipupwe hakijaisha alikuwa na leseni.

Siku hizi theluji ni chache, na chama kile kimetawanyika; Papa Ilunga amerudi kwao Lubumbashi. Gari langu lina viti vyenye joto na kitufe kinacholizuia lisirudi nyuma mlimani, nami ninashukuru, maana si kila mlima unafaa kuwa mtihani. Wanangu husinzia kiti cha nyuma, na tukifika huuliza kama tumefika. Lile gari letu la kijani lilivuja baridi kila upande. Lakini ndani yake, tulipofika, hakuna aliyehitaji kuuliza.